Shajara ya libjua: kutoa mambo ya ndani kwenye heda ya nje

Jumanne, saa nne usiku

Leo saa kumi na mbili asubuhi niko bado kitandani, simu ikalia, ni mama wa duka la kuchaji simu kwa sola kule Kadutu, mashini yake ya kuangalia betri inatumia libjua, maktaba yangu ya C. "Mwanangu, mashini yako inasema betri imekufa, na mi hapa naona taa yake inawaka vizuri. Inakata umeme kila mara, watu wananiachia simu, wakirudi wanakuta hazijajaa." Nikamwambia mama samahani, nakuja sasa hivi, nikavaa nikapanda ile kilima na matope yake, jana mvua ilinyesha usiku mzima.

Nilipofika skrini ilikuwa imeandika hivi: betri volti 0.00, ampea 12.70, joto digrii 3.10. Nikachukua mita yangu nikapima kwenye betri yenyewe, volti 12.70. Yani ile namba ya volti iko, imekaa tu kwenye mstari wa ampea. Na digrii 3 hapa Bukavu, sisi tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, asubuhi kuko baridi kweli lakini digrii 3 hapana, hiyo ilikuwa ni ampea 3.10 za paneli imehamia kwenye joto. Kila kitu kimesogea hatua moja. Programu ikisoma volti 0.00 inaona iko chini ya 11.50, inakata rilei (swichi ya umeme) ili kulinda betri, inafanya kazi yake sawasawa, tatizo ni namba niliyoipa.

Kitu kilichonishtua zaidi ni pale nilipotikisa waya wa data wa RS-485 ili kuona kama imelegea. Volti ikatoka 0.00 ikawa 0.01. Nikatikisa tena, 0.02. Haishuki, inapanda tu. Betri haiwezi kupanda nukta sifuri moja kila ukitikisa waya, hiyo ni hesabu ya makosa! Na hesabu ya makosa ni mimi niliyeiongeza wiki iliyopita, kwa mkono wangu, katikati ya strakti, yaani ule mpangilio wa data ya kifaa kwenye kumbukumbu.

Basi nilirudisha ile .so ya zamani (faili la maktaba iliyokompailiwa, programu inaipakia ikianza) kutoka kwenye flashi, duka ikawaka, mama akashukuru. Usiku huu naandika ili nisisahau, na ili mtu mwingine anayeandika maktaba ya C asipite njia hii.

Kwa asiyejua, libjua ni maktaba ndogo ya C ninayoandika, inaongea Modbus RTU (lugha ya mawasiliano ya mashini) na zile kontrola za sola zinazochaji betri, inasoma rejista za volti, ampea na joto. Rejista ni biti 16, volti inakuja kwa sehemu za mia, kwa hiyo 0x04F6 ni 1270, ni volti 12.70. Strakti yangu kwenye jua.h, ile heda ya nje ambayo programu zingine zinaisoma zikikompailiwa, ilikuwa hivi, na namba za pembeni ni umbali wa kila kitu kutoka mwanzo kwa baiti:

    struct jua_kifaa {
        int      fd;          /* 0 */
        uint8_t  anwani;      /* 4 */
        uint8_t  majaribio;   /* 5 */
        uint16_t volti;       /* 6 */
        uint16_t ampea;       /* 8 */
        uint16_t joto;        /* 10 */
        uint8_t  bafa[256];   /* 12, baiti zilizopokelewa */
    };                        /* jumla 268 */

Wiki iliyopita nikaingiza `uint16_t makosa` baada ya majaribio, nikaona ni fasi nzuri, inaendana na majaribio. Basi makosa ikachukua 6, volti ikaenda 8, ampea 10, joto 12, jumla ikawa 272. Nikakompaili .so mpya nikaipeleka dukani kwa flashi, bila kukompaili tena programu ya mudogo wangu inayotumia ile .so, juu nilifikiri maktaba ni maktaba, ukibadilisha ndani nje haihusiki. Kumbe programu yake ilishaandikiwa na kompaila kwamba volti iko baiti ya 6. Haiandiki "volti" popote kwenye ile programu iliyokompailiwa, iko na namba 6 tu. Nikihamisha volti, yeye anaendelea kuchukua kilichoko 6.

Na kuko kitu kibaya kuliko hicho. Yeye aliitengeneza strakti kwenye staki yake (kumbukumbu ya muda ya fanksheni), kwa hiyo alitenga baiti 268. Fanksheni yangu ya kufungua inaanza kwa memset, inajaza sifuri strakti nzima, na sasa strakti nzima kwangu ni 272. Baiti 4 za jirani yake nilikuwa nazifuta kila nikifungua kifaa. Sijui kwa nini haikuanguka. Namba za uongo angalau zinaonekana kwenye skrini, zile baiti 4 zingeweza kukaa mwaka mzima zikiharibu kitu kimyakimya.

Jumatano

Leo nimefungua jua.h nikaisoma kama vile ni ya mtu mwingine. Mistari 214. Fanksheni ambazo mtu wa nje anazihitaji ni 11. Mistari mingine yote ni mambo yangu ya ndani: strakti, ukubwa wa bafa, jedwali la CRC (hesabu ya kuhakiki kama data imefika salama) la namba 256 ambalo niliandika `static const` ndani ya heda, maana yake kila faili la .c linaloitumia linabeba nakala yake ya baiti 512, makro za kusogeza biti, na termios.h juu strakti ya zamani ilikuwa inahifadhi seti ya bandari ya mfululizo, ile ya serial.

Na Makefile yangu ilikuwa na `include/*.h` kwenye install. Nina faili linaitwa ndani.h, jina lenyewe linasema ndani, na mi mwenyewe nilikuwa naliweka kwenye /usr/local/include pamoja na lile la nje. Nikaangalia programu ya mudogo, mstari wa pili: `#include <jua/ndani.h>`. Nikampigia nikamuuliza, mudogo, hii ya nini? Akanijibu kwa heshima kabisa, yaya kwetu ni mukubwa wako: "Yaya, mi nilikuta iko pale, nikajua ni ya kutumia." Na ana haki. Kitu ukikiweka kwenye include umekitoa kwa watu, jina la faili halizuii mtu.

Halafu nikaona mahali pengine amefanya `k.bafa[3]` na `k.bafa[4]`, anaziunganisha mwenyewe. Kwenye jibu la Modbus RTU baiti ya 0 ni anwani, ya 1 ni namba ya kazi, ya 2 ni idadi ya baiti, na kuanzia ya 3 ndiyo data yenyewe. Kumbe alitaka nishati ya siku nzima, na mi sikumpa fanksheni ya kuisoma. Mlango haukuwepo akapita dirishani. Hii imenifundisha kitu cha kufanya kabla ya kuficha chochote: niangalie kwanza watu wanagusa nini ndani, na kila wanachogusa nijiulize ni kitu gani walikikosa nje. Nikificha bafa bila kumpa nishati ya siku nitakuwa nimemfungia tu, na atakopi strakti yangu kwenye faili lake, hapo ndo itakuwa mbaya zaidi juu kompaila haitaona tena tukitofautiana.

Nimeandika kwenye karatasi kila programu ninayoijua inayotumia libjua. Ziko 4. Zote nne zinagusa volti moja kwa moja, mbili zinagusa bafa, moja inaandika kwenye `majaribio` ili kupunguza muda wa kungoja.

Alhamisi

Umeme hakuna toka asubuhi, mvua, laptop iko na asilimia 20. Nimefikiria tu na kalamu. Bugali na samaki wadogo wa sambaza, kulala.

Ijumaa

Kazi ya leo ndo ile yenyewe. Strakti nimeihamisha kwenye src/ndani.h, faili ambalo halitawekwa tena popote nje ya mradi, na kwenye jua.h imebaki hii tu:

    typedef struct jua_kifaa jua_kifaa;

    jua_kifaa *jua_fungua(const char *bandari, uint8_t anwani);
    void       jua_funga(jua_kifaa *k);
    int        jua_soma(jua_kifaa *k);
    int32_t    jua_volti(const jua_kifaa *k);

na zingine za namna hiyo, pamoja na jua_rejista ya kumpa mtu rejista yoyote kwa namba yake, na jua_weka_majaribio kwa yule aliyekuwa anaandika kwenye `majaribio`. C inakubali kabisa utangaze strakti bila kusema ndani kuko nini. Kompaila inajua jina lake, inaweza kubeba pointa yake, lakini haijui ukubwa wake, kwa hiyo haiwezi kuitenga kwenye staki wala kugusa kitu chake. Mtu akiandika `jua_kifaa k;` inakataa palepale, inamwambia ukubwa wa k haujulikani. Hiyo ndo nataka. Kosa la jumanne lilitokea dukani mbele ya wateja, sasa litatokea kwenye meza ya anayeandika programu, na atalisoma kwa macho.

Sio kitu kipya, tumeizoea toka siku ya kwanza tunajifunza C. Fopen inakupa `FILE *`, unaipeleka kwa fread, unaipeleka kwa fclose, hakuna anayeuliza ndani ya FILE kuko nini.

Nimetuma mabadiliko kwa yaya mmoja wa Goma, ni mukubwa wangu kwenye C, ndiye aliyenionyesha gdb, programu ya kutafuta makosa, mara ya kwanza. Akanijibu kwa vocal ndefu (ujumbe wa sauti), nafupisha; malloc anayoitaja ni kuomba kumbukumbu programu ikiwa inaendelea: "Mudogo, umetufungia nyumba. Zamani nilikuwa nasoma k.volti, ni maelekezo moja ya prosesa. Sasa unanilazimisha kuita fanksheni kwa kila namba. Na malloc juu yake."

Nimemheshimu, nikamjibu kwa hesabu. Kwenye waya wetu tunaenda 9600, kila baiti inachukua biti 10 ukihesabu ya kuanza na ya kumaliza, ni kama milisekunde 1.04 kwa baiti moja. Kuita fanksheni ni nanosekunde chache. Ukiita jua_volti mara elfu mia baada ya kila kusoma bado waya ndiyo inakuchelewesha au mko sare. Kwenye kazi hii kasi si sababu.

Lakini swali lake si la ovyo, juu ndo sababu FILE yenyewe ilikuwa wazi zamani. Kwenye stdio.h ya Unix toleo la 7, mwaka 1979, getc ilikuwa makro (jina ambalo linabadilishwa kuwa msimbo palepale kabla ya kukompaili), inapunguza `_cnt` na kusogeza `_ptr` moja kwa moja ndani ya strakti, ili usilipe bei ya kuita fanksheni kwa kila herufi. Kwa kompyuta za wakati ule ilikuwa na maana kabisa. Bei yake imekuja kulipwa baadaye. glibc, maktaba ya C ya Linux, ilipotoka na toleo 2.28 mwezi wa nane 2018 iliondoa libio.h kwenye heda za nje, na m4 1.4.18 ikakataa kukompaili, juu ndani yake mlikuwa na msimbo wa gnulib unaoingia kwenye matumbo ya FILE kuangalia bafa iko na nini. m4 inatumiwa na autoconf, autoconf inatumiwa na nusu ya dunia, watu wengi walikutana na hilo kosa bila kujua ata libio.h ni nini.

OpenSSL, maktaba ya usimbaji, nayo, 1.1.0 ya mwezi wa nane 2016, ilificha karibu strakti zote. Kabla ya hapo programu nyingi ziliandika `EVP_MD_CTX ctx;` kwenye staki kama mudogo alivyofanya na yangu, na ghafla zote zikatakiwa kutumia EVP_MD_CTX_new na pointa. Watu walilalamika sana. Na libpng, ya picha za PNG, kwenye 1.5, mwaka 2011, ilifunga png_struct, waliokuwa wanaandika `png_ptr->jmpbuf` wakabadilisha. Nikamwambia yaya, hawa wote walifanya kazi ngumu ya kufunga mlango ambao maelfu ya programu yalishapita. Mi niko na programu 4. Nikingoja ziwe 40 sitaweza tena.

Akakaa kimya kama saa moja, halafu akaandika: "Sawa mudogo. Lakini gdb?" Hapo amenishika. Kwenye gdb ukisema p *k bila taarifa za debug za maktaba inakuambia aina haijakamilika, basi. Mtu anayetafuta kosa saa sita usiku anahitaji kuona ndani. Nimeongeza jua_eleza, inapokea `FILE *` na kuandika kila kitu kwa maneno: bandari, anwani, makosa mangapi, baiti za mwisho zilizopokelewa. Ni maandishi, si mpangilio wa kumbukumbu, naweza kuibadilisha kesho bila kumvunja mtu. Yaya ameikubali hiyo.

Jumamosi

Heda imepona, nikajua nimemaliza. Halafu nikafanya `nm -D --defined-only` kwenye .so, inaorodhesha majina yanayoonekana nje, nikahesabu majina 41. Heda iko na 14 sasa. Hayo 27 mengine ni nani aliyeyatoa nje?

Ni GCC kwa kawaida yake kwenye Linux, kila fanksheni ambayo hukuiandika static inatoka kwenye .so na jina lake, uwe umeitangaza kwenye heda au hapana. Na kati ya yale 27 kulikuwa na moja inaitwa `crc16`. Jina hivyo tu, bila jua_ mbele.

Nilivyoiona nikakumbuka kitu cha mwezi uliopita, jamaa mmoja alisema libjua haisomi kabisa kwake, kila jibu linakataliwa kwa CRC mbovu, na kontrola yake ni ileile ya kwangu. Nilimwambia abadilishe waya. Alibadilisha waya! Alinunua waya mpya kwa pesa yake.

Leo nimemuomba programu yake. Ndani yake ana faili la kuhifadhi data kwenye kadi, na lina fanksheni yake inaitwa crc16, ya polinomia 0x1021. Modbus inataka ile ya 0xA001. Kwenye ELF (muundo wa faili za programu kwenye Linux), programu kuu ikiwa na jina sawa na la maktaba, la programu kuu ndilo linashinda, na maktaba yenyewe ikiita crc16 inapita kwenye PLT (jedwali la kutafuta fanksheni iko wapi) na kuishia kwa crc16 ya programu. Kwa hiyo libjua kwake ilikuwa inahesabu CRC kwa fanksheni ya mtu mwingine, hesabu sahihi ya swali lisilo lake, na kukataa kila jibu zuri lililokuja. Nimemwandikia kumuomba radhi na kumweleza yote. Waya ilikuwa nzima.

Nilichofanya: `-fvisibility=hidden` kwenye kukompaili, kila kitu kifichwe isipokuwa nimesema, halafu kwenye zile 14 za nje nimeweka makro JUA_NJE ambayo ndani ni `__attribute__((visibility("default")))`. GCC iko na hiyo toka 4.0, kwa hiyo hakuna wa kubaki nyuma. Na crc16 nimeifanya static kabisa juu inatumiwa na faili moja tu, ile jedwali yake nayo imehama kutoka heda. Nm sasa inatoa 14. Nimezihesabu mara mbili.

Nimeweka pia majina.txt kwenye mradi, orodha ya yale 14, na `make jaribio` inalinganisha na nm. Jina likiongezeka bila mi kuliandika pale, inakataa.

Jumapili, baada ya misa

Kazi ya makro, fupi. Heda yangu ilikuwa na `#define OK 0` na `#define ERR 1`. ncurses, maktaba ya skrini za maandishi, nayo iko na OK na ERR, ya kwake ERR ni -1. Mtu anayetengeneza skrini kwa ncurses na kusoma sola kwa libjua anapata ERR ya nani? Inategemea ameandika include ipi kwanza. Sasa ni JUA_SAWA na JUA_KOSA. MAX, BAFA na zile za biti zimeenda src.

termios.h imetoka pia, juu strakti iliyokuwa inaihitaji haiko tena kwenye heda. Ile faili inaleta makro nyingi za majina mafupi, mojawapo ECHO, na skana (msimbo wa kuchambua maandishi) inayotengenezwa na flex nayo iko na makro yake inaitwa ECHO. jua.h sasa inaita stdint.h na stdio.h, basi.

Na jaribio dogo nimeongeza, napenda sana hili: faili tupu lenye mstari mmoja, include ya jua.h, linakompailiwa kwa gcc na kwa g++ na maonyo yote yamewashwa. Kama heda inahitaji kitu ambacho haijakiita yenyewe, inaanguka hapa. Mara ya kwanza tu imeanguka, nilikuwa na parameta inaitwa `new`, C haijali, C++ haitaki.

Jumatatu

Leo imekuja shida ya kweli, na sikuitegemea. Mtu mmoja anatumia libjua kwenye maikrokontrola ndogo, haina malloc, alikuwa anaitenga strakti kama variabo ya kudumu. Jua_fungua yangu mpya inafanya malloc ndani. Kwake maktaba imekufa. Ananiuliza kwa upole tu kama atabaki kwenye vesheni ya zamani milele.

Nimezunguka chumba. Njia ya kwanza ni kutoa fanksheni jua_ukubwa inayosema baiti ngapi, yeye atenge. Lakini hana wa kumtengea wakati programu inaendelea, anahitaji namba wakati wa kukompaili. Njia ya pili ni ile ya pthread: `pthread_mutex_t` kwenye glibc ya x86-64 ni baiti 40, iko kwenye heda waziwazi, lakini unaitumia kama sanduku, unajua ukubwa wake na hugusi ndani. Ukubwa ni ahadi, mpangilio wa ndani si ahadi. Nimechukua hiyo:

    typedef union {
        max_align_t   mstari;
        unsigned char nafasi[512];
    } jua_sanduku;

    jua_kifaa *jua_fungua_kwenye(jua_sanduku *s, ...);

max_align_t ni ya C11, inahakikisha sanduku limekaa kwenye mpaka unaofaa aina yoyote ya kawaida. Na kwenye src nimeweka `_Static_assert` kwamba strakti halisi haizidi sanduku. Strakti leo ni 272, niko na nafasi 240 za kukua. Siku nikizidisha, kompaila itanikataza mimi, sio mama wa Kadutu atakayeona 0.00.

Bado inaniuma kidogo, juu 512 ni kumbukumbu nyingi kwa kontrola ndogo, na ni namba ambayo sasa iko nje, siwezi kuigusa. Nilifikiria 320. Nikaacha 512 juu najijua, nitaongeza vitu. Anayetumia malloc hahusiki na sanduku kabisa.

Nimeangalia pia zlib, maktaba ya kubana data, inafanyaje, maana z_stream yake iko wazi, next_in na avail_in mtu anaandika mwenyewe, ila mambo ya ndani yote yako nyuma ya pointa moja, `struct internal_state`, isiyoelezwa kwenye heda. Na deflateInit ni makro, inapeleka pamoja na ombi lako namba ya vesheni na sizeof ya z_stream kama programu yako inavyoijua, maktaba ikiona ukubwa haulingani inarudisha Z_VERSION_ERROR. Ningekuwa na hiyo jumanne, programu ingekataa kufungua na kusema sababu. Kwenye jua_fungua_kwenye nimeiga: ni makro inayopeleka sizeof ya sanduku. Kama siku moja nitalazimika kubadilisha 512, angalau itasema.

Jumatano

Soname, jina lenye namba ambalo programu inalitumia kuomba .so yake. Hii nilipaswa kuiandika mbele lakini imefika leo. .so ya jumanne iliyopita ilikuwa libjua.so.1 na ile ya zamani pia libjua.so.1, ndo maana programu ya mudogo iliipakia bila swali. Mpangilio ukibadilika namba inabadilika, hiyo ndo kazi ya soname, na mi sikuifanya. Mpya ni libjua.so.2, nimehakikisha kwa `readelf -d`. Zote mbili zinakaa kwenye mashini moja bila kugombana, programu ya zamani inaendelea kuomba .1 na kupewa .1 ya zamani, ile yenye baiti 268, bila `makosa`. Nimeirudisha .1 kama ilivyokuwa na nimeisimamisha hapo, nitarekebisha makosa ya usalama tu.

abidiff, programu ya kulinganisha .so mbili, nimeijaribu kati ya ile .1 nzuri na ile .1 mbaya. Imeniandikia waziwazi kwamba volti imehama kutoka biti 48 kwenda 64, ampea imehama, joto imehama, ukubwa umebadilika. Ilikuwa kwenye Debian muda wote, ni paketi tu ya kuweka. Imeingia kwenye make jaribio.

Saa tisa mchana nimepanda Kadutu na mudogo. Amebadilisha programu yake mwenyewe, mi nimekaa pembeni. `struct jua_kifaa k;` imekuwa `jua_kifaa *k`, include ya ndani.h imetoka, bafa[3] na bafa[4] imekuwa jua_rejista moja. Imemchukua kama dakika 40, nyingi yake ni kompaila ikimwonyesha mstari baada ya mstari, na yeye anafuta. Akasema, "Yaya, hii sasa siwezi kukosea ata nikitaka." Bado kuna namna za kukosea, anaweza kusahau jua_funga, nimemwonyesha.

Tukawasha. Volti 12.70... hapana, 12.64, jua lilikuwa limejificha na simu 19 ziko kwenye chaja. Ampea 1.88. Joto 22. Nikatikisa waya. Volti ikabaki 12.64, na kwenye jua_eleza makosa ikapanda ikawa 1.

Mama akauliza kama sasa haitakata tena. Nikamwambia, mama, itakata kama betri imeshuka kweli. Akaandika namba yangu upya kwenye ukuta, kwa chaki, karibu na bei ya kuchaji.

Zimebaki programu 2. Ya jamaa wa crc16 ataikompaili mwenyewe kesho akipata mega za kupakua. Ile nyingine mwenye nayo yuko safarini Uvira hadi wiki ijayo, kwa hiyo .1 inabaki kwenye mashini yake, siigusi.